Jina la Kwanza Kwenye Mahudhurio

Nyumba za Walimu, Chuoni,
Mikumi.
19 Agosti.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Cleopa,
Mamboya, Kilosa.

Baba, shikamoo.

Naanza kwa kuulizia mguu wako wa kushoto peke yake, kwa sababu najua nikiulizia afya kwa jumla utajibu sijambo hata kama hujainuka kitandani siku tatu. Lightness aliniambia kwamba bado unapanda kanisani kwa miguu kila Jumapili kusoma somo la kwanza, na kwamba ukifika kwenye lile jiwe kubwa unajifanya unatazama mashamba ya watu ili upumzike. Tafadhali pumzika bila kujifanya, hakuna atakayekucheka. Na baridi ya huko juu ikoje mwezi huu? Lile blanketi nililoleta Pasaka natumaini bado liko kitandani kwako na hujampa mgeni. Mwambie huyo Lightness, mdogo wangu, nimepata maharage aliyotuma, na kwamba yameiva vizuri ingawa alinidanganya kuwa hayana wadudu.

Mimi ni mzima wa mwili. Huku Mikumi ni vumbi na malori kama ulivyopaona. Wiki iliyopita tembo wawili walivuka mpaka nyuma ya bweni la wasichana wakamaliza mapapai yote ya mlinzi, naye akaandika ripoti ya kurasa mbili kana kwamba kuna mahakama itakayowaita. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulishakataza habari za maana zisipitie kwenye simu, na mimi katika hili nimeamua kutii, ijapokuwa utaona mbele kwamba kutii ndiko kulikoniponza.

Nimepokea hongera zako. Lightness amenieleza kwamba mliposikia nimeteuliwa kuingia kwenye Bodi mpya ya chuo ulisimama kanisani ukatoa shukrani, mchungaji akaniombea kwa jina, na ulipofika nyumbani ukachinja yule jogoo ambaye hata askofu alipokuja hakuguswa. Nilipokata simu nilikaa chini palepale jikoni. Barua hii ni jibu la hongera hizo. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na usimpe Lightness akusomee.

Ulishaniuliza mara mbili tofauti ya Seneti na Bodi, na mara zote mbili nilikujibu haraka haraka kama mwalimu mvivu. Seneti ilikuwa baraza letu sisi walimu. Huko ndiko tulikoamua somo gani lifundishwe, mtihani gani urudiwe, nani kafaulu na nani kafeli, na waliokaa humo tuliwachagua wenyewe. Haikuwa na fahari yoyote. Ilikaa katika chumba kimoja chenye feni mbovu na viti visivyolingana. Lakini miaka miwili iliyopita kijana mmoja, mtoto wa mtu mzito, alifeli masomo manne. Simu zikapigwa, barua zikaja, likaja na gari lenye vioo vyeusi. Seneti ikakaa chini ya feni ile mbovu ikasema kijana amefeli na atarudia mwaka. Hakuna aliyefukuzwa kazi kwa kusema hivyo, kwa sababu sheria ya chuo ilisema neno la Seneti ndilo la mwisho. Baba, siku ile nilitembea kwenda nyumbani kifua mbele kama mtu aliyevikwa nishani.

Novemba iliyopita ukaja muswada wa kurekebisha sheria hiyo. Nitakufupishia: Seneti ibaki kushauri tu, maamuzi yote yahamie kwa Bodi ya watu tisa wa kuteuliwa, na walimu wapewe kiti kimoja humo, nacho cha kuteuliwa vilevile. Jumuiya yetu ya wanataaluma ikakutana. Mwenyekiti wetu ni Daktari Devota, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha wafu, na katibu ni mimi mwanao. Tukaandika maoni, tukayachambua yale mabadiliko kifungu kwa kifungu, wiki tatu hatukulala vizuri. Wengine walisema tunapoteza muda, maana maji yakishaanza kushuka kutoka mlimani huwezi kuyarudisha kwa ungo. Mimi ndiye niliyewakatalia.

Mwezi Januari tukaarifiwa kwamba waratibu wa kukusanya maoni ya wadau watakuja, na mkutano utafanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa barabara kuu. Ndipo niliposimama mbele ya wenzangu nikawasimulia kisa chako.

Niliwasimulia habari ya shamba letu la bondeni. Niliwaeleza jinsi kijiji kilivyoitwa kwenye mkutano kumsikiliza mwekezaji, jinsi watu wote walivyosema hatutaki, wakapiga makofi, wakaimba. Na jinsi wakati wa kutoka kila mmoja alivyowekewa daftari asaini kuonyesha tu kwamba alifika. Niliwaambia kwamba wewe peke yako ndiye uliyeuliza kwa nini daftari halina kichwa cha habari juu yake, ukaiweka kalamu mezani. Wakakwambia mkataa wengi ni mchawi, na watu uliowafundisha kusoma wakacheka. Baada ya miezi mitano kichwa cha habari kikaandikwa, kwamba waliosaini wameridhia kutoa ardhi, na wewe ambaye hukusaini ukapoteza shamba sawa na waliosaini. Nilikisimulia vizuri, Baba. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja wakati ule lakini nakumbuka ulivyorudi nyumbani na kiatu chenye tope, ukakaa ukumbini bila kukivua.

Tukakubaliana neno moja: tutakwenda, tutasoma tamko letu, na hakuna atakayetia jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio. Atakayeulizwa aseme kwamba tamko ndilo mahudhurio yetu. Devota alinikumbatia. Kijana mmoja anayefundisha takwimu, Alfred, mtoto wa wakulima wa miwa wa Ruhembe, asiyezungumza sana kwenye vikao, alinifuata mlangoni akaniuliza kama baba yangu bado yu hai. Nikamwambia yu hai na ni mbishi zaidi. Akasema angependa siku moja akusalimie.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Tulifika arobaini na watatu. Tamko likasomwa na Devota, wageni wakatikisa vichwa kwa heshima, wakatushukuru, tukanywa chai na chapati, tukaondoka tunacheka. Mwezi Aprili mimi na Devota tukasafiri kwenda Dodoma tukaingia mbele ya kamati ya Bunge. Tulipoanza kueleza kwamba walimu wameukataa muswada, tukaonyeshwa taarifa ya waratibu. Tamko letu halikuwamo. Kulikuwa na sentensi moja tu, kwamba walimu wa chuo walishirikishwa kikamilifu na arobaini na wawili kati yao walithibitisha kwa sahihi zao.

Devota alisimama akaapa kwamba sahihi hizo ni za kughushi. Alisema anawajua walimu wake, walikubaliana, hakuna hata mmoja aliyesaini, na shahidi wake ni katibu huyu aliyekaa hapa. Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Wakasema basi vizuri, wakanipa bahasha yenye nakala ya orodha nzima ili jumuiya ikahakiki majina na kuleta malalamiko kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Njia nzima ya kurudi Devota alizungumza habari ya mawakili. Tulipofika Dumila tukashuka kununua mahindi ya kuchoma, akaniuliza mbona siifungui. Nikamjibu kwamba kazi ya kulinganisha sahihi inataka meza na mwanga.

Kwenye mkutano wa jumuiya nilisema kwamba nakala ni mbaya, majina hayasomeki. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, hata mimi nilijishangaa. Siku kumi na nne zikapita. Watu wakiwa na hasira na hawana pa kuipeleka, huitafutia mtu. Mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, mwingine akakumbuka kwamba siku ile Alfred alionekana akihamisha meza ya mapokezi pamoja na watu wa waratibu, na kwamba alifika mapema kuliko wote. Ikatosha. Walianza kunyamaza anapoingia chumba cha walimu. Kiti cha pembeni yake kikawa hakikaliwi. Devota, ambaye si mtu mbaya, alimwambia mbele ya watu kwamba kama shida ilikuwa njaa angesema tukamchangia. Alfred alichukua vitabu vyake akaenda darasani. Mwezi Juni muswada ukapita, na wiki hiyohiyo akaandika barua ya kuacha kazi, akarudi kwao Ruhembe.

Sheria mpya sasa inafanya kazi. Chumba cha Seneti kimefungwa feni mpya na kimekuwa ofisi ya Katibu wa Bodi. Yule kijana wa masomo manne, faili lake limefunguliwa upya, na sote tunajua litafungwaje. Tena, Baba, imekuja barua kwamba mimi nimeteuliwa kukalia kile kiti kimoja cha walimu. Barua inasema ni kwa kutambua ushirikiano wangu tangu hatua za awali. Hiyo ndiyo habari iliyomuua jogoo wako.

Hapa nimeinuka nikanywa maji, nikarudi. Nikichelewa zaidi nitaiacha kabisa.

Nakala ile inasomeka vizuri sana. Nimeiambatisha na barua hii. Tazama mstari wa kwanza.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mlangoni pa ukumbi, kwenye meza ya mapokezi, alikuwa amekaa Mwalimu Filipo. Ndiyo, huyo huyo rafiki yako uliyefundisha naye. Amehamia kwa mwanawe hapa Mikumi, na wale waratibu walimpa kazi ya siku moja ya kupokea watu kwa kuwa anaheshimika. Macho yake yamefifia, lakini aliijua sauti yangu. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia marahaba akanishika mkono akaanza kuniuliza kwa Kikaguru habari zako, na za mguu, na za kaburi la Mama kama limejengewa. Wakati ninajibu akawa ameshanitia kalamu mkononi. Akasema, saini hapo juu, mwanangu, wameniambia asiingie mtu bila jina, na tangu asubuhi karatasi ni tupu, nitaonekana nimeshindwa kazi.

Baba, huyu ndiye aliyenishika mkono darasa la kwanza akanionyesha jinsi ya kuandika herufi ya kwanza ya jina langu. Hakujua karatasi ile itafanya nini. Mimi nilijua. Hakuna mtu katika mkoa huu mzima aliyejua kuliko mimi. Ningeweza kumwambia, Mwalimu, nisamehe, tumekubaliana hatusaini. Ni maneno machache, lakini ningeyatoaje kwa mzee aliyenishika mkono, nimwache na karatasi tupu mbele ya wale vijana wa waratibu wenye kofia? Nikasaini. Nikajiambia jina moja si kitu.

Na wewe unawajua watu wetu. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza kwenye karatasi, kila mtu hutazama juu kwanza aone nani ametangulia. Walipofika mezani walikuta jina la katibu, yule yule aliyewasimulia kisa cha shamba, na kila mmoja akadhani mpango umebadilishwa na hakuambiwa. Walisaini mmoja baada ya mwingine, Devota naye. Baadaye, habari ya ile idadi ilipotoka Dodoma, kila mmoja aliona kwamba akilitaja jina langu atakuwa ametaja na lake, akapiga kelele ya kughushi kuliko mwenzake. Devota aliapa kwa sauti ile kubwa kwa sababu alikuwa anaogopa kama mimi. Nimekaa na orodha hii tangu Aprili na najua kila aliyemtukana Alfred na mstari aliosaini.

Nikisema ni heshima tu nitakuwa nakudanganya, na nimechoka kudanganya. Ilikuwamo heshima. Lakini pale mlangoni, kalamu ikiwa mkononi, nilisikia pia uchovu. Nilishaona hatutashinda. Nilikuwa nimechoka kuwa mbishi, nimechoka kuwa mtoto wa mchawi yule aliyewakataa wengi, nikatamani kwa dakika moja tu niwe mtu mzuri anayempendeza mzee. Dakika hiyo ndiyo waliyoihitaji. Mganga hajigangi, ulizoea kusema, nami nilidhani unawasema waganga.

Hesabu majina ukitaka. Tulikuwa arobaini na watatu, sahihi ni arobaini na mbili. Jina lisilokuwamo ni la Alfred.

Jumamosi nilipanda gari mpaka Ruhembe. Huu ni msimu wa kuvuna, moshi wa miwa umetanda kila mahali na majivu yanaanguka kwenye nywele. Nilimkuta pembezoni mwa shamba la baba yake amevaa mabuti, mweusi kwa masizi, anapanga foleni ya matrekta kwa utaratibu wake wa takwimu. Alinipa shikamoo kama kawaida yake, maana mimi ni mkubwa kwake kwa miaka kumi, na nikashindwa kuitikia. Nikamwambia yote nimesimama. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba alikuwa anajua. Siku ile alifika mapema, akamsaidia Mwalimu Filipo kuisogeza meza kivulini kwa kuwa jua lilikuwa linampiga mzee machoni. Alikuwa amesimama nyuma yangu nilipopiga goti. Aliniona nikisaini.

Nikamuuliza kwa nini hakusema miezi yote hiyo watu walipomtenga. Alisema mwanzoni alidhani nina sababu ambayo yeye haijui, na baadaye aliona kwamba akisema, wenzake wote watalazimika kukiri kuwa hata aliyewapa moyo wa kukataa hakukataa, na hapo hakuna atakayesimama tena kwa lolote. Nikamuuliza na yeye kwa nini hakusaini baada ya kuona jina langu. Alinitazama kama ninamuuliza swali la kitoto. Akasema, kwa sababu ya baba yako. Akasema alipoishika kalamu alimkumbuka yule mzee na kiatu chenye tope, akashindwa.

Kisa kilikuwa changu, Baba, na wewe ni baba yangu mimi.

Nilimwomba arudi, nikamwambia nitasimama mbele ya wote niseme. Akajibu kwa upole kwamba nafasi yake imeshajazwa, sheria imeshatiwa sahihi, na kwamba nikisema au nisiposema faili la yule kijana litafungwa vilevile. Kisha akaitwa na dereva wa trekta. Akaniaga, akaniambia nikusalimie.

Ijumaa hii kuna mkutano wa jumuiya. Kwenye ajenda, mwishoni kabisa, mahali pa mengineyo, nimeandika neno moja: orodha. Sijui kama tutakapofika hapo nitasimama. Nikikuahidi nitasimama nitakuwa naweka tena jina langu mahali nisipoweza kulitetea. Barua ya kukubali kiti cha Bodi iko mezani haijasainiwa. Lakini hata nikiikataa watampa mwingine, na yuko tayari, namjua na mstari wake. Sijui hata nakuomba nini. Labda nakuomba Jumapili usimame kanisani uirudishe ile shukrani, kama shukrani hurudishwa. Kama huwezi, basi mwombeeni Alfred kwa jina.

Usimkasirikie Mwalimu Filipo. Nilimkuta sokoni wiki iliyopita, ananiita Mheshimiwa, na anamwambia kila mtu kwamba ndiye aliyenifundisha kuandika.

Nisalimie Lightness na watoto wake, mwambie asije na zawadi, kiti kile hakina sherehe. Msalimie mchungaji, na majirani wote wa mteremkoni. Funga ule mguu kwa kitambaa cha joto kabla ya kulala, na jogoo mwingine nitakununulia mwenyewe nikija Desemba, kama bado utataka nije.

Wino wako mwekundu wa kusahihishia usiutumie kwenye barua hii, Baba, wala usinirudishie. Ila ukitaka kuwa na hakika kwamba haikughushiwa, chukua miwani yako, uilinganishe sahihi ya hapa chini na ile ya mstari wa kwanza.

Ni mimi mwanao,
Rebeka Cleopa.